TV iko ukutani, vifaa vitano viko chini, waya zipite wapi?

Sebule nyingi za Kampala saa hii, iwe Kireka, Ntinda au Nansana, TV imeshahama mezani ikapanda ukutani, na ni jambo zuri kabisa, watoto hawaifikii, chumba kinapata nafasi, lakini tazama chini ya hiyo TV utaona waya nne tano zinaning'inia mpaka kwenye kabati, na moja ambayo haikufika imeungiwa kipande kingine katikati kwa tepu. TV yenyewe ina matundu mawili au matatu tu ya HDMI wakati nyumba ina dekoda, PlayStation ya watoto, DVR inayorekodi kamera za geti, stiki ya intaneti, laptop ya baba, na deki ya zamani ambayo mama bado anaangalizia DVD za harusi. Kwa hiyo kila jioni kuna mtu anapanda kiti, anaingiza mkono nyuma ya TV, anapapasa gizani, anachomoa waya wa dekoda anachomeka wa gemu, anauvuta kwa pembeni maana nafasi hakuna, na siku tundu likilegea unaambiwa bodi nzima ya TV ibadilishwe.

Nataka tulifungue hili jambo taratibu, kwa sababu watu wanapoteza pesa kweli kweli hapa. Mtu anauziwa kifaa ambacho sicho, mwingine anaambiwa TV imekufa kumbe ni setingi, mwingine anabomoa ukuta mara mbili. Na karibu yote yangeepukika kama jambo moja lingejulikana mapema: ukutani ipande waya moja ya picha, pamoja na moja ya akiba, basi. Vifaa vingine vyote vikutane chini, kwenye kabati, pale mkono wako unapofika bila kiti. Ukilishika hilo, maswali mengine yote yanakuwa ni namna gani vikutane huko chini.

Kabla ya kununua chochote geuza kila kifaa uangalie mgongo wake, uandike kinatoa picha kwa njia gani. Njia utakazokutana nazo kwenye nyumba zetu ni chache. Kuna zile pini tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, wengi tunaziita AV. Ya njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti ya kulia na kushoto. Hiyo ni analojia, na picha yake kwa PAL, mfumo wetu wa TV za analojia, ina mistari 576 tu hata kama TV yako ni ya bei gani. Kuna VGA, ile pana yenye skrubu mbili pembeni na pini 15, utaikuta kwenye DVR na kompyuta za zamani, inabeba picha pekee, sauti haimo. Halafu kuna HDMI, ilitoka mwishoni mwa 2002, na inabeba picha na sauti pamoja kidijitali.

Hapo kwenye AV nisimame kidogo maana ndipo ninapoumia zaidi. Kuna nyumba nyingi mno ambazo TV ni HD, dekoda ni ya HD, kifurushi kinalipiwa kila mwezi, halafu kati yake pamechomekwa zile pini tatu za AV kwa sababu ndizo zilikuwa kwenye boksi la dekoda au ndizo zilizokuwa zinatumika na TV ya mgongo. TV ya full HD ina mistari 1080 ya pikseli 1920, wewe unaipa mistari 576, inabidi iivute hiyo picha ijaze skrini nzima, ndo maana nyuso zinaonekana zimefifia na namba za jezi hazisomeki, kisha watu wanasema TV ya Kichina haina picha nzuri. Sio TV. Toa AV, weka HDMI, ingia kwenye menyu ya dekoda uhakikishe imewekwa 1080 au 720 maana nyingine zinabaki kwenye 576 mpaka uzibadilishe mwenyewe. Hiyo ni dakika tano na gharama yake ni waya mmoja.

Na kama unatazama chaneli za bure tu, inawezekana dekoda huihitaji kabisa. Uganda ilizima analojia maeneo ya Kampala Juni 2015 tukaingia kwenye DVB-T2, yaani matangazo ya kidijitali ya antena, na TV nyingi za kisasa zina DVB-T2 ndani yake tayari. Soma nyuma ya TV au kwenye boksi lake, ikiwa imeandikwa T2 chomeka antena moja kwa moja utafute chaneli, hapo umeshaokoa tundu moja la HDMI.

Sasa tuje kwenye HDMI yenyewe, maana shida nyingi ambazo mafundi wanazizungukia zinatoka hapa. Watu wanadhani HDMI ni kama AV, unachomeka, picha inatiririka. Hapana. HDMI vifaa viwili lazima kwanza viongee. Dekoda ikiwashwa inaiuliza TV wewe unaweza kuonyesha nini, TV inajibu kwa kajedwali kadogo inakokahifadhi ndani, kanaitwa EDID, kanasema naweza 1080, naweza 720, sauti naweza hii na hii. Halafu kuna ulinzi unaitwa HDCP, ulitengenezwa na Intel, hapo dekoda inataka kuhakikisha kinachopokea ni TV ya kweli na sio mashine ya kunakili. Haya yote yakiisha vizuri ndo unaona picha, yasipokubaliana unaona giza.

Na hapa kwetu umeme ndo unaharibu haya mazungumzo. Umeme unakatika, unarudi ghafla, vifaa vyote vinaamka kwa wakati mmoja, dekoda inauliza na TV bado haijaamka vizuri, haipati jibu, inakaa kimya. Mtu akija anakuta giza anaanza kuchomoa chomoa. Zima dekoda, acha TV iwake kabisa, badilisha iwe kwenye HDMI ile ile ya dekoda, kisha ndo uwashe dekoda. Mara nyingi sana hiyo peke yake inatosha.

Kwa hiyo jifunze kusoma kile TV inachokuonyesha, maana giza sio aina moja. Ikiandika No Signal, maana yake TV haisikii kitu kabisa, labda uko kwenye tundu lisilo lake, labda kifaa kimezimwa, labda waya umechomoka kidogo. Ikiwa nyeusi kimya bila maandishi yoyote, au inakuja na ujumbe wa HDCP, basi vinaonana ila havijakubaliana, rudia ule utaratibu wa kuwasha. Ikiwa picha ipo lakini ina vimulimuli vidogo vyeupe, au inapotea sekunde mbili inarudi, hiyo karibu kila mara ni waya, mbovu au mrefu kupita uwezo wake, na njia ya kuhakikisha ni kushusha kifaa kutoka 4K, picha kubwa kuliko full HD, kwenda 1080 uone kama vimulimuli vinaondoka. Ikiwa picha nzima imegeuka pinki au kijani, chomoa pande zote mbili uchomeke tena vizuri, mara nyingi ni pini haijashika au mazungumzo ya rangi hayakuisha sawa. Na ikiandika kwamba umbo la picha halikubaliki, hiyo inapenda sana kutoka kwa DVR za kamera na laptop, maana mtu aliiseti kwa monita ya zamani ya 1280 kwa 1024, au aliipandisha 4K kwenye TV ambayo mwisho wake ni 1080. Tafuta monita yoyote ya VGA hata ya kuazima, ichomeke kwenye DVR, shusha iwe 1920 kwa 1080, rudi kwenye TV.

Basi vifaa vyetu viko chini, ukutani inapanda waya moja. Vikutanie wapi? Na hapa kuna vifaa viwili ambavyo wauzaji wengi mjini wanavichanganya, sura zinafanana, vyote ni kaboksi keusi chenye matundu ya HDMI, lakini kazi ni tofauti kabisa. Swichi inapokea vifaa vingi na kutoa njia moja, hiyo ndo unayoitaka ukiwa na dekoda, gemu na DVR na TV moja. Spliti inapokea kifaa kimoja na kukigawa kwenye TV nyingi, hiyo ni ya mwenye baa au kibanda, ambaye siku za mechi kama zile za CHAN Agosti 2025 pale Namboole anataka dekoda moja ionekane kwenye skrini nne. Ukinunua spliti kwa ajili ya sebule yenye TV moja umetupa pesa, haitafanya kazi hata ukiigeuza nyuma mbele.

Usimsikilize muuzaji, soma mgongo wa kifaa mwenyewe. Kama kuna matundu matatu yameandikwa IN na moja OUT, ni swichi. Kama kuna moja IN na manne OUT, ni spliti. Kwenye boksi swichi huwa imeandikwa 3x1 au 5x1, spliti ni 1x2 au 1x4, namba ya kwanza ni zinazoingia na ya pili ni zinazotoka. Kuna na kile kidogo chenye kitufe kimoja juu, kinafanya pande zote mbili, vifaa viwili kwenda TV moja au kifaa kimoja kwenda TV mbili, lakini kikipeleka TV mbili ni moja tu inaonyesha kwa wakati mmoja, sio zote, na hilo wanasahau kulisema dukani. Kuna pia matriksi, hiyo inachukua vifaa vingi na kupeleka kwenye TV nyingi kila moja na chake, ni ghali, sebule haiihitaji.

Jambo la kuangalia kwenye swichi ni umeme wake. Zile za bei rahisi hazina adapta, zinaishi kwa kale kaumeme ka volti 5 kanakotoka kwenye HDMI ya kifaa chenyewe, na kiwango ambacho kifaa kinalazimika kutoa ni miliampia 55 tu, kidogo sana. Kwa waya wa mita moja zinakwenda, lakini ukiweka waya wa mita tano au kumi baada yake unaanza kuona vimulimuli. Kama waya wako wa kupanda ukutani ni mrefu, chukua swichi yenye sehemu ya kuchomeka umeme, hata ule wa USB, na iwe na rimoti yake. Rimoti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani maana bila hiyo umebadilisha tu kupanda kiti ukaweka kuinama kwenye kabati. Nyingi pia zina uwezo wa kujibadilisha zenyewe ukiwasha kifaa, inasaidia, ila DVR ya kamera haizimwi usiku na mchana kwa hiyo inaweza kuichanganya swichi, ndo maana mimi DVR naipenda iende kwenye tundu lake kwa ule waya wa akiba, swichi ibaki na vile vinavyowashwa na kuzimwa.

Kama una saundiba au risiva ya sauti yenye matundu ya HDMI IN, swichi huihitaji tena, yenyewe ndo swichi. Vifaa vinaingia kwenye risiva, inachukua sauti inabaki nayo, picha inaipandisha ukutani kwa waya mmoja. Mpangilio mzuri kuliko yote kwa mwenye uwezo. Angalia tu tundu la TV lililoandikwa ARC au eARC, kwa kawaida ni moja tu, hapo ndo uchomeke waya unaotoka kwenye saundiba, maana tundu hilo linaweza kurudisha sauti chini. Ukitazama YouTube ya ndani ya TV yenyewe, sauti inashuka kwa waya ule ule uliopandisha picha. Ukichomeka tundu la jirani picha itakuja lakini sauti ya TV haitashuka, na mtu atakwambia saundiba ni feki.

Wenye sabufa za kawaida, zile za pini nyekundu na nyeupe, nyinyi mna shida ya aina yake. TV nyingi mpya hazina tena matundu hayo ya kutoa sauti, zina tundu la mwanga, yaani optiko, au tundu la hedifoni. Likiwepo la hedifoni tumia hilo, mambo yameisha. Likiwa optiko pekee utanunua konvata ndogo ya optiko kwenda pini mbili, na ukishaichomeka ukakuta kimya au mkwaruzo usiirudishe dukani, ingia setingi za sauti za TV, pale pa sauti ya kidijitali toa Auto au Dolby uweke PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa. Konvata za bei rahisi hazielewi Dolby, zinaelewa PCM tu.

Deki na vifaa vya AV navyo. TV nyingi mpya bado zina katundu kadogo ka duara kalikoandikwa AV IN, kanahitaji kale kawaya kafupi kenye pini tatu za kike upande mmoja, kalikuja na TV, wengi walikatupa pamoja na boksi. Kakipotea, au TV haina kabisa, kuna konvata ya AV kwenda HDMI, unaichomeka kwenye swichi kama kifaa kingine. Soma mwelekeo wake kwa makini maana kuna AV kwenda HDMI na kuna HDMI kwenda AV, ya pili ni ya mtu mwenye TV ya mgongo, na haziwezi kubadilishana kazi. Zote zinataka umeme wa USB. Na usitegemee DVD ya harusi iwe HD, konvata inabadilisha njia tu, mistari inabaki ile ile.

Laptop yenye HDMI ni rahisi, chomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kurudia skrini au kuendeleza. Zenye tundu la Type-C ndo zina mtego, maana sio kila Type-C inatoa picha, nyingine ni ya chaji na data pekee, angalia kama pembeni yake kuna alama ya DisplayPort au ya radi (Thunderbolt), na usome maelezo ya modeli yako kabla ya kununua adapta. Simu ni hivyo hivyo, simu nyingi za bei ya kawaida Type-C yake haitoi picha kabisa, usidanganywe na adapta, tumia kurusha skrini kwa Wi-Fi.

Sasa waya wenyewe. Ukiingia maduka ya mjini, muuzaji anakuwekea waya tatu mezani, hii 4K, hii 8K, hii ya dhahabu, bei zinapanda na wewe unaona bora uchukue kubwa. Dekoda ya 1080 inapitisha kama gigabiti 4.5 kwa sekunde hata ukifika picha 60 kwa sekunde, waya wa kawaida wa High Speed wenye afya unaibeba bila shida. PlayStation 5 au stiki ya 4K kwenye TV ya 4K kwa picha hizo hizo 60 inafika kama gigabiti 18, mara nne, hapo waya mbovu unaumbuka. Na urefu ndo adui mkubwa. Kwa 4K waya wa shaba usipite mita tano hivi, kwa 1080 unaweza kufika mita kumi kama ni mnene. Zaidi ya hapo chukua HDMI ya nyuzi za mwanga, ni nyembamba, inakwenda mbali, ila ina mwelekeo, upande mmoja umeandikwa Source unakaa kwenye kifaa, mwingine Display unakaa kwenye TV. Fundi akiupitisha kinyume ndani ya ukuta halafu akapiga plasta, picha haiji milele, na waya ni mzima.

Hapo tumefika ukutani. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma na plasta juu, sio mbao kama video za intaneti zinavyoonyesha, kwa hiyo huwezi kutumbukiza waya ndani ya ukuta, lazima uchimbe mfereji na ulaze paipu. Na kosa la mafundi umeme ni kulaza ile paipu yao ya milimita 20 au 25 ya waya za taa. Kichwa cha HDMI, chuma chake peke yake kina upana wa karibu milimita 14, ukiongeza plastiki yake ni kama milimita 20 na zaidi, hakikati kona ya paipu nyembamba. Weka paipu ya milimita 40, kona ziwe za mviringo sio za ghafla, ndani yake acha kamba ya kuvutia ili siku waya ukifa uvute mwingine bila nyundo. Umeme wa volti 240 upite paipu yake peke yake, usichanganye na waya za picha, kwanza ni hatari na pili unaleta kelele kwenye spika.

Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kuchimbwa, ile trankingi nyeupe ya plastiki inatosha kabisa, chukua pana kidogo, ipake rangi ya ukuta.

Braketi, wengine wananunua, wengine wanachomelewa na vijana wa Katwe na zinakuwa imara kweli, lakini kabla ya kuagiza pima umbali wa matundu manne nyuma ya TV, kiwango kinaitwa VESA, mfano 200 kwa 200 au 400 kwa 400 kwa milimita. Katikati ya skrini pakae kwenye usawa wa macho yako ukiwa umekaa, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Naona TV zimepandishwa karibu na dari kama za benki, watu wanatazama na shingo zinauma. Na angalia matundu ya HDMI yanatazama wapi. Yakitazama nyuma moja kwa moja, waya utabanwa kati ya TV na ukuta na hilo ndo linavunja matundu, kwa hiyo nunua adapta ya kona, zipo za kupindia juu na za kupindia chini, jaribu kwenye TV yako kabla ya kulipa. Waya zote, hata ule wa akiba, chomeka kabla TV haijapandishwa.

Kabati likiwa na mlango wa mbao rimoti haitapita, maana mwanga wake haupiti mbao. Kuna kivuta rimoti, kijicho kidogo unakibandika chini ya TV, kawaya kanashuka mpaka mbele ya dekoda, kanafanya kazi vizuri. Au weka mlango wa kioo tu. Na acha nafasi ya hewa, dekoda zinachemka.

Kwenye menyu ya TV washa CEC. Kila kampuni imeipa jina lake, Samsung ni Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Inafanya TV ijihamishe yenyewe ukiwasha kifaa, na rimoti moja iendeshe vingine. Kama watoto wakigusa gemu TV inaruka kutoka kwenye taarifa ya habari ya baba, izime kwa kifaa hicho tu. Na wenye TV ya 4K, tundu unalochomeka gemu lifungulie uwezo wake kwenye setingi, LG inaita Deep Colour, Samsung ni Input Signal Plus, maana bila hapo tundu linaweza kubaki chini na gemu ya 4K ikakosa nusu ya mwendo wake.

Jambo la umeme naomba mlichukulie kwa uzito. Kampala na Tororo zinafahamika kwa radi, na ungo wa dekoda uko juu ya bati na waya wake unashuka moja kwa moja mpaka kwenye dekoda, kutoka dekoda HDMI inapanda mpaka TV. Radi ikipiga karibu, inapita njia hiyo hiyo, TV guard haitakusaidia kwa sababu yenyewe inalinda upande wa soketi tu. Mvua ya radi ikianza chomoa na waya wa ungo, sio soketi peke yake. Na ukitaka kubadilisha waya wowote wa HDMI au AV, zima na uchomoe vifaa vyote kwenye soketi kwanza, maana vifaa vingi vyenye plagi ya pini mbili vina kaumeme kanakovuja kwenye chuma chake, ndo ule mtekenyo unaousikia ukigusa waya wa ungo, na tundu la HDMI linaungua kwa jambo hilo bila moshi wala mlio.

Mwisho, kabla ukuta haujazibwa, washa kila kitu. Dekoda, gemu, DVR, laptop, deki, kila kimoja kwa picha yake kubwa kuliko zote, na ukiiacha jioni nzima ni bora zaidi. Jaribu na waya wa akiba. Zima umeme kwenye meini, rudisha, uone vifaa vinarudi vyenyewe au vinataka mpangilio. Ingia menyu ya TV uyape matundu majina, dekoda, gemu, kamera, ili hata mgeni ajue aende wapi. Kikikataa kitu chochote, waya bado uko nje na unabadilishika kwa dakika mbili. Vikikubali vyote, mwite fundi aje na simenti.